Taarifa za ajali barabarani: zinakusanywaje hadi zibadilishe gari?

Gereji_Kaliua

Wakuu, habari za majukumu. Swali langu ni kwa wanaoijua kazi hii, iwe upande wa trafiki, bima, hospitali au ufundi.

Ikitokea ajali barabara ya Nzega–Igunga, au huku kwetu Urambo–Kaliua, trafiki wanakuja na utepe, wanapima, wanachora, wanajaza fomu, gari linavutwa kituoni, halafu likiruhusiwa linaletwa gereji. Huku nyuma tunasikia kila siku kwamba kampuni za magari zimeongeza usalama "kutokana na takwimu za ajali". Takwimu zipi hizo, na nani anazikusanya? Hizi fomu za kwetu zinamfikia anayechora gari kule Japani?

Pili, hizi IST, Probox na Noah zina kile kisanduku cheusi kinachotunza spidi? Tatu, fundi afanye nini asifute ushahidi kabla hajaanza kunyoosha bodi? Naomba majibu yenye vipimo, si yale ya "tuendeshe kwa uangalifu".

Kipimo_Cheyo

Mkuu, hazimfikii. Na hata zingemfikia zisingemsaidia sana, wala si kwa uzembe wa askari. Fomu ya polisi imetengenezwa kujibu swali la mahakama na la bima: nani ana kosa. Mhandisi wa gari ana swali lake tofauti kabisa: ni kitu gani ndani ya gari kilichomuumiza mtu, kilimuumiza sehemu gani ya mwili, na mgongano ulikuwa na nguvu kiasi gani. Ukisoma PF90 (taarifa ya ajali), PF93 (ukaguzi wa gari) na PF3 (ya majeruhi), utakuta kila moja imeshika kipande chake na hakuna anayekaa chini kuziunganisha kwa ajili ya swali hilo. Mkaguzi wa magari ataandika kama breki, usukani na tairi vilikuwa sawa kabla ya ajali. Haandiki dashibodi iliingia ndani sentimita ngapi.

Takwimu zetu hupanda kutoka kituoni kwenda kwa RTO (mkuu wa trafiki wa mkoa), kisha makao makuu, na Polisi pamoja na NBS (Ofisi ya Taifa ya Takwimu) huzitoa kama taarifa ya nchi. Hizo ni za kuhesabu: ajali ngapi, wamekufa wangapi, chanzo nini. Na hesabu yenyewe ina tundu. Ripoti ya WHO ya 2018 iliweka vifo vilivyoripotiwa Tanzania kwa mwaka 2016 kuwa 3,256, wakati makadirio ya WHO wenyewe yalikuwa 16,252. Unaweza kubishana na namna walivyokadiria, lakini pengo la ukubwa huo halitokani na fomu mbili tatu zilizopotea. Kipimo cha kimataifa ni kifo ndani ya siku 30 tangu ajali. Majeruhi aliyehamishwa kutoka hospitali ya Kitete, Tabora, kwenda Bugando, Mwanza, akafia huko siku ya 12 anatakiwa arudi kwenye hesabu ya ajali ileile ya Nzega. Bila mtu mwenye kazi ya kufuatilia hilo, hesabu inabaki na "majeruhi".

Sasa wenzetu. Marekani wana ngazi mbili. FARS ilianza 1975: kila ajali ya barabara ya umma iliyoua mtu ndani ya siku 30 inaingizwa, nchi nzima, lakini kwa kiasi kikubwa kutokana na karatasi za polisi na vyeti vya kifo. Chini yake kuna CISS, iliyorithi mfumo wa zamani mwaka 2017. Huko hawachukui zote, wanachukua sampuli ya ajali ambazo gari lilivutwa, kisha mpelelezi aliyesomea anakwenda kulipima gari lenyewe, anaomba kibali cha kusoma rekodi za hospitali, anazungumza na waliokuwemo. Ujerumani wana GIDAS tangu 1999, Hannover na Dresden: timu inaitwa wakati mmoja na polisi na kufika kwenye tukio gari likiwa bado moto, ajali kama 2,000 kwa mwaka, na sharti ni kuwe na angalau majeruhi mmoja. Japani wana ITARDA, taasisi yao ya kuchambua ajali, iliyoundwa 1992. Kwa hiyo IST yako ilichorwa na watu waliotazama ajali za kwao.

Kinachotoka huko ndicho hubadilisha chuma. Mfano ninaoupenda: Marekani miaka ya 1990 eabegi (mifuko ya hewa ya usalama) zilikuwa zinafumuka kwa nguvu iliyopangwa kumzuia mwanaume mzima asiyefunga mkanda. Wapelelezi wakaanza kukuta ajali za spidi ndogo, gari halijabonyea sana, lakini mtoto wa siti ya mbele au mama mfupi aliyekaa karibu na usukani amekufa kwa pigo la eabegi yenyewe. Kwenye jumla ya takwimu hilo lisingeonekana kamwe, kwa sababu eabegi kwa ujumla zilikuwa zinapunguza vifo. Lilionekana kwa kuchunguza gari moja moja. Mwaka 1997 watengenezaji wakaruhusiwa kupunguza nguvu, na mwaka 2000 ikatoka kanuni ya eabegi zinazotambua uzito na ukaaji wa abiria.

Dunduliza

Niongeze kwa Kipimo: usisahau kigawanyo. Ukihesabu magari yaliyopata ajali Tabora utakuta Probox nyingi, halafu mtu anaandika mtandaoni kwamba Probox inaua. Inaonekana nyingi kwa sababu ziko nyingi, zinabeba abiria kupita kiasi na hazilali. Bila kujua ziko ngapi na zinatembea kilomita ngapi, namba ya juu haina maana.

La pili, sampuli inayosubiri majeruhi au gari kuvutwa haioni ajali ambazo mfumo wa usalama ulifanya kazi vizuri kiasi kwamba mtu alipangusa vumbi akaondoka. Wanaojua hesabu huipa kila ajali ya sampuli uzito wake kabla ya kujumlisha, lakini uzito huo haurudishi ajali ambazo hazikuingia kabisa.

Mita_Hamsini

Mimi nitajibu upande wa eneo la tukio, maana hapo ndipo vitu huharibika haraka kuliko mtu anavyodhani.

Anza na kinachopotea kwanza. Majeruhi wakishatolewa, kinachofuata ni alama za tairi, maji ya rejeta, mafuta, vumbi na udongo uliodondoka kutoka chini ya madigadi. Ule udongo ni dhahabu: mahali ulipomwagika ndipo palipogongwa, si mahali magari yaliposimama. Mvua moja ya Novemba au basi mbili zikipita, umekwisha. Vioo na plastiki hupigwa teke na watazamaji. Magari yenyewe yatasubiri.

Chagua kitu kisichohama kiwe pointi ya kuanzia: nguzo ya umeme yenye namba, ukingo wa kalavati, jiwe la kilomita. Usichague mti mdogo wala kibanda, kesho havipo. Kutoka hapo vuta mstari sambamba na ukingo wa lami, kila kitu kipime mara mbili: umbali kando ya mstari na umbali kutoka kwenye mstari. Gari lililosimama linapimwa kwa magurudumu mawili ya upande mmoja, siyo moja, vinginevyo hutajua liliangalia wapi. Ongeza namba za GPS za simu, lakini zisibadilishe utepe. Simu inaweza kukosea mita kadhaa, na mita kadhaa ni upana wa barabara nzima.

Alama za breki: pima kila gurudumu peke yake. Kanuni ya mezani ni spidi ya km/h = kipeuo cha pili cha (254 × msuguano × mita). Lami kavu chukua 0.7; mita 25 zinakupa kama 67 km/h. Murramu chukua 0.5, mita hizohizo zinashuka hadi kama 56. Hiyo ni spidi ya chini kabisa, kwa sababu kama mwisho wa alama gari liligonga kitu, nguvu iliyobaki imeliwa na chuma na haimo kwenye hesabu. Magari yenye ABS (breki zinazozuia gurudumu kujifunga) huacha alama hafifu sana, zinaonekana ukiinama na kuangalia kuelekea jua. Mtu akiandika "hakuna alama, dereva hakushika breki" kwa gari la ABS, hiyo siipokei.

Kisha gari. Picha nane: pande nne na pembe nne, kwa usawa wa katikati ya mlango, siyo kutoka juu. Halafu ubonyefu. Nyosha kamba pale bampa lilipokuwa kabla ya kugongwa, gawa upana uliobonyea mara tano upate pointi sita, pima kina cha kila moja kwa sentimita. Wataalamu huziita C1 hadi C6. Kutokana na hizo na uzito wa gari wanakokotoa badiliko la spidi, yaani gari lilipoteza au kupata km/h ngapi ndani ya ule mgongano. Hilo ndilo linaloumiza, siyo spidi ya kwenye mshale. IST ya tani moja kwa 60 km/h ikikita lori la tani 20 lililosimama bila breki, IST inapoteza kama 57 km/h, lori linapata chini ya 3. Ajali moja, lakini wa kwenye lori anashuka anauliza kuna nini.

Kwa barabara zetu ongeza kipimo ambacho fomu nyingi hazina: urefu wa kutoka ardhini hadi mahali palipogongwa. Gari dogo likiingia chini ya bodi la lori, bampa na zile chuma mbili za mbele zilizotengenezwa kupokea pigo hazigusi kitu. Pigo linaanzia kwenye kioo na nguzo zake. Sensa za eabegi hutegemea gari lipunguze spidi kwa namna fulani, kwa hiyo eabegi inaweza kuchelewa au isifumuke kabisa, na watu wanasema ilikuwa mbovu. Haikuwa mbovu.

Fundi_Umeme_Ujiji

Hapo kwenye eabegi nichukue mimi.

Swali la kisanduku cheusi: hakuna kisanduku tofauti. Kumbukumbu imo ndani ya kompyuta ya eabegi, kile kiboksi cha aluminiamu kilichofungwa kwa bolti kwenye sakafu, mara nyingi chini ya konsoli, karibu na gia au chini ya redio. Plagi yake ni ya njano. Hakirekodi sauti, hakirekodi mahali ulipo. Kanuni ya Marekani kwa miaka mingi ilitaka sekunde 5 kabla ya mgongano kwa kila nusu sekunde: spidi, breki imekanyagwa au la, mafuta, kisha mkanda wa dereva na badiliko la spidi wakati wa pigo. Mwishoni mwa 2024 wakatangaza kuongeza hadi sekunde 20, mara 10 kwa sekunde. Ulaya ni lazima kwa modeli mpya tangu Julai 2022 na kwa kila gari jipya tangu Julai 2024.

Sasa kwa gari zetu. IST ya NCP61 au Noah ya AZR60 ilitoka kabla ya sheria yoyote ya namna hiyo. Kompyuta yake itatunza kodi za hitilafu na alama kwamba eabegi ilifumuka, lakini usimuahidi mwenye bima kwamba utamtolea spidi. Kuna gari za Toyota zenye kumbukumbu kamili, inategemea modeli, mwaka na soko. Na hapa ndipo wengi hukwama: zana za kusomea nyingi zinaomba namba ya gari yenye tarakimu na herufi 17. Gari la soko la Japani lina namba ya chesisi kama NCP61 ikifuatiwa na kistari na tarakimu saba. Ukiingiza hiyo, programu inakataa, mtu anadhani mashine imekufa.

Hata ukipata spidi, kumbuka imetoka kwenye gurudumu au gia. Gurudumu likiwa limejifunga itasoma ndogo kuliko ukweli. Ukiwa umebadili saizi ya tairi itakosea kwa asilimia ileile siku zote. Na angalia kama ripoti inasema rekodi imekamilika. Betri ikikatika katikati ya pigo, kiboksi kina akiba ya umeme ya kufumua eabegi, lakini uandishi unaweza kukatika njiani.

Kinachoharibu zaidi ya vyote kinafanyika gereji. Mtu anataka taa ya eabegi izimike, anapeleka kiboksi kwa fundi wa kompyuta, chipu inaandikwa upya, "kreshi" (rekodi ya ajali) inafutwa. Ushahidi umekwisha hapo, na kiboksi kilichokwisha fumua eabegi kinarudishwa kazini. Kuna wanaokwenda mbali zaidi wakaweka rezista ya ohm 2 hivi mahali pa eabegi ili kompyuta idhani ipo. Gari hilo likipata ajali ya pili na mtu akaandika kwenye daftari "eabegi haikufumuka", umelichafua daftari la usalama kwa kosa ambalo si la mtengenezaji. Kwa hiyo mkaguzi akikuta eabegi haikufumuka, kwanza afungue kifuniko cha usukani aone kama ipo.

Kabla ya kugusa plagi za njano: swichi zima, toa nguzo hasi ya betri, subiri si chini ya sekunde 90. Mikanda ya mbele ya gari nyingi nayo ina kifaa cha kukaza chenye baruti.

Gereji_Kaliua

Nimekupata, Fundi. Swali la nyongeza: mkanda ukishakatwa na waokoaji, bado unaweza kujua kama abiria alikuwa amefunga? Na taa je? Huku ajali nyingi za usiku kila mmoja anadai taa zake zilikuwa zinawaka.

Mita_Hamsini

Unaweza, na kwa macho tu. Mkanda uliobeba mtu mzima kwenye pigo kali huacha alama: ule ulimi wa chuma unaoingia kwenye kufuli, plastiki yake inakuwa imeyeyuka kidogo kwa msuguano, na uzi wa mkanda unakuwa na mstari unaong'aa mahali ulipopita. Angalia vilevile pete ya juu ya bega. Mkanda uliokuwa umejiviringisha ndani kwenye makazi yake hauna hayo, na kama kikazio kilifyatuka wakati haujafungwa, unakuta umekwama ukiwa mfupi. Mkanda uliokatwa na waokoaji ukiwa nje ni dalili nzuri pia, kwani hakuna anayekata mkanda usiomzuia mtu.

Taa, kama ni balbu ya uzi: uzi ukiwa wa moto wakati wa pigo huwa laini, unavutika na kujipinda kama uzi wa sweta uliofumuliwa. Ukiwa wa baridi hukatika wima, sehemu ya kukatikia inang'aa. Kioo cha balbu kikipasuka taa ikiwa inawaka, hewa inaingia na uzi unaungua, unaacha unga mweupe au wa njano. Kwa hiyo usiwashe swichi "kujaribu taa" kabla mkaguzi hajatazama. Ukiwasha balbu iliyopasuka umetengeneza ushahidi mpya. LED hazina uzi, mbinu hii haifai huko.

Daftari_la_Maweni

Mmejikita kwenye chuma, mwili mmeuruka. Nusu ya taarifa inayomfaa mhandisi imo kwenye faili la mgonjwa, na huko ndiko inakoharibiwa kwa neno moja: "RTA", yaani ajali ya barabarani, basi.

Mfumo wa kodi za magonjwa, ICD-10, una nafasi ya kutosha. V01 hadi V09 ni mtembea kwa miguu, V20 hadi V29 ni wa pikipiki, na tarakimu zinazofuata zinaeleza aligongana na nini na kama alikuwa dereva au abiria. Karani akichoka anaweka V89.2, ajali ya gari isiyoelezwa, na ukiwa na faili mia za V89.2 huna kitu. Maswali manne mapokezi yanatosha: ulikuwa kwenye chombo gani, ulikaa wapi, mkanda au helmeti ilifungwa, na mligongana na nini. Helmeti iandikwe kama ilikuwa imefungwa kidevuni. Bodaboda wengi wa Mwanga na Gungu, huku Kigoma, wanayo kichwani huku mkanda wake unaning'inia, na ikiruka kabla kichwa hakijafika chini, kwenye takwimu itahesabiwa kwamba helmeti haikusaidia.

Ukali wa jeraha una kipimo chake, AIS, 1 hadi 6 kwa kila jeraha. Mkwaruzo ni 1, 6 ni jeraha lisilo na matibabu. Kwa mtu mwenye majeraha mengi wanachukua sehemu tatu za mwili zilizoumia zaidi, wanazipiga kipeo cha pili na kujumlisha. Mwisho ni 75. Mfano 4, 3 na 2 ni 16 + 9 + 4, yaani 29. Lakini namba pekee haitoshi. Mhandisi anataka ioanishwe: mfupa wa paja umevunjika, goti lina alama, na chini ya dashibodi upande huohuo kuna plastiki iliyopasuka yenye kitambaa cha suruali. Hapo ndipo dashibodi inaanza kubadilishwa.

Kuoanisha kunahitaji kitu kidogo tu: namba ya tukio ya polisi iandikwe kwenye faili la hospitali, na siku ya kifo irudi kituoni. Jina lisitoke nje ya faili. Anayechambua hahitaji jina, anahitaji umri, jinsia, urefu na uzito, maana eabegi na mkanda haviwatendei watu wa maumbo tofauti sawasawa.

Kipimo_Cheyo

Hapo kwenye PF3 ndipo namba ingekaa bila kutengeneza fomu mpya, kwa sababu inatoka polisi inakwenda hospitali na kurudi.

Gereji_Kaliua, swali lako la tatu limebaki nusu. Gari likifika kwako, kabla ya kuvuta hata milimita: piga picha zile nane, namba ya chesisi, odomita, matairi manne pamoja na tarakimu nne za tarehe ubavuni (2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019), siti zilipofungwa kwenye reli, na kila alama ndani ya gari iliyoachwa na mtu: kioo chenye utando wa buibui, usukani uliopinda, goti kwenye dashibodi. Kama kuna bampa la chuma la kuongezwa mbele, liandike. Linabadilisha jinsi pigo linavyofika kwenye sensa, na kwa mtembea kwa miguu linaondoa ulaini ambao Wajapani wameujenga kwenye boneti, kwani JNCAP, mpango wa Japani wa kupima usalama wa magari mapya, wanapima kichwa cha mtembea kwa miguu tangu 2003. Vipuri ulivyotoa visiende kwa mnunuzi wa chuma chakavu hadi bima na polisi wamalizane.

Na hiyo namba ya chesisi iingize kwenye ukurasa wa Kijapani wa mtengenezaji wa kukagua magari yaliyoitwa kurekebishwa. Kasoro ya eabegi za kampuni ya Takata iligundulika kwa mtindo huuhuu, majeruhi wa ajali ndogo wakiwa na vipande vya chuma mwilini. Kemikali yake inazeeka kwa joto na unyevu wa miaka, na gari kuukuu linaloishi kando ya Tanganyika limepata vyote viwili. Ukurasa ukionesha kwamba gari linadaiwa marekebisho na hayajafanyika, mwambie mwenye gari kwa maandishi, na eabegi hiyo usiihamishie gari lingine.